Kabla ya Kumwita Mke Tasa

Barua iliyotufikia hivi karibuni ilianza kwa jambo ambalo wengi wangelihesabu kuwa ni bahati. Mwandishi wake, mwanamke wa miaka 27 aliye katika mwaka wa nne wa ndoa, anasema kwamba Ramadhani tatu mfululizo amefunga siku zote za mwezi, na Shawwal ikiingia hana kadha ya kulipa. Mawifi zake walikuwa wakimtania kuwa yeye kasamehewa deni. Naye hakulitilia maanani jambo hilo hadi ndoa ilipotimiza miaka miwili pasi na dalili ya ujauzito. Ndipo alipoketi akahesabu, akakuta kwamba katika mwaka mzima ameona hedhi mara tatu tu. Sasa katika nyumba ya wakwe zake limeanza kutamkwa neno moja, kwanza kwa kunong'ona, kisha bila kificho. Tasa.

Anatuuliza kama ni kweli. Anatuuliza pia kama ni wajibu wake kumshauri mumewe aoe mke mwingine ili asimkoseshe watoto.

Tumeona barua hii haifai kujibiwa kwa mistari miwili, kwa kuwa swali lake hutufikia mara nyingi, kwa mwandiko tofauti na machozi yale yale. Tuanze na neno lenyewe. Kumwita mtu tasa ni kumhukumu, na hukumu hutanguliwa na ushahidi. Katika Surat Ash-Shura, Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba kutoa watoto wa kike, wa kiume, au wote pamoja, na kumfanya mtu asizae, vyote viko mikononi mwake. Hatukuona mahali ambapo kazi ya kumtambua asiyezaa imekabidhiwa mama mkwe. Na mke wa Nabii Zakariya (a.s.) alikwisha kuhesabiwa kuwa tasa kabla ya kumzaa Yahya.

Basi tuutazame ushahidi. Inatubidi tuingie ndani ya ovari na kusikiliza jinsi seli zinavyopashana habari, kwa sababu mara nyingi mwanamke wa aina ya dada yetu huyu hakukosa mayai. Mayai anayo tele. Kilichoharibika ni mawasiliano.

Ovari ni viungo viwili vidogo, kila kimoja mfano wa lozi. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na kati ya mayai milioni 1 na milioni 2. Anapobaleghe hubaki yapata laki 3 au 4, na katika umri wake wote wa uzazi yatakayopevuka na kutoka ni kiasi cha 400. Mengine hufifia kimya kimya. Yai ambalo wewe msomaji umetokana nalo lilikuwamo ndani ya mama yako, naye akiwa bado tumboni mwa bibi yako. Ni amana iliyopita matumbo mawili.

Mayai haya yamelala, kila moja likiwa limefunikwa na tabaka la seli linalolifanya liwe kifuko kidogo. Wala hayakulala kwa kukosa wa kuyaamsha. Yamelala kwa kuwa yanazuiwa. Ndani ya yai kuna njia ya ujumbe ambayo ikifunguliwa yai huanza kukua, na iko protini iitwayo PTEN ambayo kazi yake ni kuifunga njia hiyo, kama breki ya gari. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza habari za panya walioondolewa protini hiyo katika mayai yao. Mayai yote yaliyolala yaliamka kwa mkupuo, na panya wale wakaishiwa mayai wangali vijana. Kwa hiyo katika ovari kuzuia ni kazi muhimu sawa na kuamsha.

Kila siku breki hulegezwa kwa vifuko vichache, navyo huanza safari ya miezi mingi. Sehemu ya mwisho ya safari hiyo peke yake huchukua siku zipatazo 85. Tunaomba msomaji aikumbuke hesabu hii, tutaihitaji mbele.

Katika hatua hizi za mwisho vifuko haviendelei bila amri kutoka kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo hutuma homoni kwa jirani yake, tezi ya pituitari. Pituitari nayo hutuma katika damu homoni mbili ambazo katika karatasi za maabara huandikwa FSH na LH. Homoni ile ya haipothalamasi ilitambuliwa mwaka 1971 na makundi mawili ya watafiti yaliyokuwa yakishindana, la Andrew Schally na la Roger Guillemin, na wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Lakini jambo linalotustaajabisha zaidi lilionekana mwaka uliofuata, huko Pittsburgh, Marekani, katika maabara ya Ernst Knobil.

Yeye na wenzake walichukua kima waliokwisha kuharibiwa sehemu ile ya ubongo, wakawatilia homoni hiyo kwa mashine. Walipoitia mfululizo bila kukatiza, FSH na LH zilianguka, kana kwamba hakuna ujumbe wowote. Walipoitia kwa dakika chache tu katika kila saa, homoni zote mbili zilirejea. Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa mwendo wake.

Sisi tulioleleka kwa kupiga hodi tunalielewa jambo hili. Mgeni mwenye adabu hubisha, hungoja, kisha hubisha tena. Anayegonga mlango bila kupumua, mwenye nyumba huongeza komeo. Seli nazo zina milango, iitwayo vipokezi, na ujumbe usiokoma huzifanya ziifunge. Uzazi wa mwanamke umejengwa juu ya hodi ya namna hii, inayopigwa kila baada ya saa moja au saa moja na nusu katika nusu ya kwanza ya mzunguko wake.

Sasa twende mlangoni kwenye kifuko. FSH inapofika haiingii ndani ya seli. Hubisha tu kwenye kipokezi kilichoko ukutani, na ndani ya seli huinuka mjumbe mwingine wa kuipeleka habari mbele. Mjumbe huyo wa pili aligunduliwa na Earl Sutherland, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Kwa habari hiyo, seli za ndani ya kifuko hutengeneza kimeng'enya kinachoigeuza homoni ya aina ya kiume kuwa homoni ya kike, yaani estrojeni. Na hiyo homoni ya kiume inatoka wapi? Inatoka kwa seli za nje ya kifuko hicho hicho, ambazo zenyewe husikiliza LH. Wa nje hutoa malighafi, wa ndani hupika. Kila mwanamke mwenye afya ana kiasi cha homoni za kiume mwilini, na bila hizo asingekuwa na za kike.

Katika kundi la vifuko vinavyokua, kimoja hutangulia wenzake. Estrojeni yake hupanda, na ikidumu juu kwa takriban siku mbili, ubongo hugeuza msimamo. Badala ya kuizuia pituitari huiachia, na LH hufurika. Yai lenyewe halina mlango wa kuisikia LH. Seli za pembezoni ndizo zinazoisikia, kisha hupashana habari mmoja kwa mwingine hadi ndani. Hapo yai lililosimama katikati ya mgawanyiko wake tangu kabla mwanamke hajazaliwa huendelea na kazi iliyositishwa. Baada ya saa 36 hivi tangu LH ianze kufurika, yai hutoka. Ikiwa halikukutana na mbegu ya mume, hedhi hufuata baada ya wiki mbili au karibu yake.

Hii ndiyo maana ya hedhi iliyokosekana kwa dada yetu. Kwa mwanamke wa umri wake, asiye mjamzito, asiyenyonyesha wala kutumia dawa za kupanga uzazi, hedhi tatu kwa mwaka ni habari kwamba yai halitoki ila kwa nadra. Ramadhani isiyo na kadha ilikuwa ujumbe, nasi katika jamii zetu tumeupokea kama pongezi.

Sababu za yai kutotoka ziko kadhaa: tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, homoni ya maziwa iliyozidi, mwili uliokonda kupita kiasi, au ovari zilizoishiwa mayai kabla ya wakati. Lakini inayoongoza kwa mbali ni hali inayojulikana kwa herufi PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 ya walio nayo hawajui kuwa wanayo. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliieleza mwaka 1935 kwa wanawake saba, ambao hedhi zao zilirejea baada ya kukatwa vipande vya ovari. Kwa nini kukata kulisaidia, hakuna aliyejua wakati ule. Jina la hali hiyo nalo limepotosha watu wengi, kwa kuwa linataja uvimbe mwingi kwenye ovari. Si uvimbe. Vile vidoa vyeusi vinavyoonekana katika kipimo cha ultrasaundi ni vifuko vya mayai vilivyoanza safari vikakwama njiani.

Vimekwama kwa sababu hodi imeharibika mwendo. Kwa wanawake wengi wenye hali hii, haipothalamasi hubisha kwa kasi kuliko inavyostahili, na pituitari ikibishiwa kwa kasi hutoa LH zaidi kuliko FSH. Wa nje wanapata amri nyingi, wa ndani chache. Malighafi inalundikana, wapishi hawatoshi, na homoni za kiume zinazidi.

Juu ya hilo huja insulini. Tunaijua kama homoni ya sukari: hubisha kwenye seli za misuli ili zifungue na kuingiza sukari iliyoko katika damu. Tangu mwaka 1980 watafiti wameona kwamba wanawake wenye PCOS mara nyingi wana insulini nyingi kupita kawaida. Misuli yao imekuwa mizito wa kusikia, hivyo kongosho huongeza sauti. Ovari haikuwa kiziwi. Inaisikia insulini ile kwa ukamilifu, na seli za nje ya kifuko huichukua kuwa amri nyingine ya kutengeneza homoni za kiume. Ni kama baba anayempazia sauti mtoto aliye uani, na aliyeko sebuleni ndiye anayeshtuka.

Dalili zake mama wa nyumbani huziona kabla ya daktari: hedhi zinazopishana kwa zaidi ya siku 35, ndevu za kidevuni, chunusi zisizoisha baada ya ujana, na weusi wa shingoni au kwapani ambao binti husuguliwa kwa dodoki mpaka ngozi ichubuke. Weusi huo si uchafu. Mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi, na binti hastahili kukaripiwa kwa ajili yake. Wala mtu asidhani kuwa hali hii ni ya wanene peke yao, wembamba pia wamo. Wapo pia ambao shida yao ni kinyume, damu huja bila mpango na kukaa siku nyingi, wakabaki wakiulizana kama ni hedhi au istihadha, waswali au wasiswali. Hukumu ya swala wamuulize sheikh. Chanzo cha damu wamuulize daktari, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Katika mitaa yetu huulizwa wengine kwanza. Ataambiwa ana chango. Ataambiwa kizazi chake ni kichafu, naye atanunua unga wa kukisafisha. Ataambiwa ana jini mahaba anayekula mimba, na miezi minane itapita katika kulitoa jini hilo. Dua hatuikatazi, nani wa kuikataza? Ila Mtume (s.a.w.) ametuhimiza pia tujitibu, na umri wa mayai hausubiri. Mwanamke asiyeona hedhi kwa zaidi ya miezi mitatu asingoje hata kama hatafuti mtoto, kwa sababu utando wa mji wa mimba unaorundikana bila kutoka unaweza baadaye kuleta maradhi mabaya, na insulini iliyozidi humwelekeza kwenye kisukari.

Habari njema ni kwamba mawasiliano yaliyoharibika mara nyingi hurekebishika. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza hata sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake huweza kurejesha mwendo wa hedhi. Tunasema huweza, wala si lazima. Chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi manne kila asubuhi ni mahali pazuri pa kuanzia, na kutembea kwa miguu kuna faida hata mizani isiposogea, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huisikia insulini vizuri zaidi. Na hapa ndipo hesabu ya siku 85 inapohitajika. Yai litakalotoka leo lilianza hatua zake za mwisho karibu miezi mitatu iliyopita. Anayejitahidi wiki tatu kisha akakata tamaa hajalipa yai muda wake.

Ama dawa, inayotangulizwa leo kwa wenye PCOS ni letrozoli. Hukizuia kwa siku chache kile kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni. Ubongo ukiona estrojeni imepungua hupeleka FSH zaidi, na kifuko kilichokwama huendelea na safari. Katika utafiti wa wanawake 750 uliochapishwa Marekani mwaka 2014, waliopata watoto hai baada ya kuitumia kwa muda usiozidi mizunguko mitano walikuwa asilimia 27.5, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni, dawa ya zamani. Tunazitaja namba hizi kwa makusudi, ili msomaji aone kwamba dawa inasaidia na aone pia kwamba haimpi kila mtu. Wako wanawake walioambiwa dukani kwamba letrozoli ni dawa ya saratani, wakarudi nyumbani wakilia. Ni kweli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya titi, lakini kuandikiwa hakumaanishi kuwa unayo. Kinachotusumbua zaidi ni wanaonunua dawa za kupevusha mayai bila kupimwa, kwa ushauri wa shoga. Dawa hizi zinaweza kuleta mimba ya mapacha au zaidi, na kama mirija ya uzazi imeziba hazina faida yoyote. Katika Afrika, mirija iliyozibwa na maambukizi ya zamani ni sababu kubwa ya kukosa mtoto, na hugunduliwa kwa picha maalumu.

Na mume je?

Barua ya dada yetu ina kurasa nne. Imetaja wifi, mkwe, jirani, mganga mmoja na mashangazi wawili waliotoa ushauri. Haikutaja popote kwamba mume amepimwa. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo liko kwa mume, peke yake au pamoja na mke. Kipimo cha manii hakina kisu, nacho kwa kawaida ni rahisi kuliko vipimo anavyofanyiwa mke. Hutakiwa kukaa siku 2 hadi 7 bila kukutana, kisha sampuli ipelekwe mapema, na zipo namna za staha za kuipata ndani ya ndoa. Majibu yakiwa mabaya hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu za mume nazo huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa. Mwanamume mwenye nguvu zake zote kitandani anaweza kuwa na mbegu chache au asiwe nazo kabisa. Tunawajua walioongeza mke wa pili kwa sababu ya mtoto, nyumba zote mbili zikabaki kimya, na wa kwanza akawa amekwisha kuvunjiwa heshima yake bure.

Hatuipingi ruhusa ya dini ya kuoa zaidi ya mmoja. Tunachokataa ni kuifanya badala ya kipimo.

Kwa dada aliyetuandikia, jibu letu ni hili. Neno unaloitwa halina ushahidi. Hedhi zako chache ni dalili ya hali ambayo mara nyingi hutibika, na kwa mwenye hedhi kama zako haifai kusubiri ule mwaka mzima ambao wanandoa wengine huambiwa wasubiri. Usimshauri mumeo aoe, mshauri mwende hospitali pamoja, kwa daktari wa wanawake. Andika katika karatasi tarehe za hedhi zako zote unazozikumbuka za miaka miwili. Kwa kuwa umezoea kuzihesabu siku za tohara na za kufunga, haitakuwa kazi ngumu. Omba kupimwa homoni, tezi ya shingo, sukari na ultrasaundi, na kabla ya dawa yoyote ya kupevusha mayai, ulizia picha ya mirija. Kipimo cha mumeo kifanywe wiki hiyo hiyo. Akisita, mpe ukurasa huu ausome mwenyewe, na mama mkwe akiuliza mnakwenda wapi, aliyezaliwa naye ndiye amjibu.